Dada wa Mzee Eusebio Amekuwa Keki

Jumatatu, 6 Julai 2009

Nimemaliza. Tovuti ya Kamati ya Kutafutana imesimama kwenye kompyuta yangu hapa dukani, Nachingwea, na imenishtua kwa uzuri, mimi mwenyewe niliyeitengeneza. Juu kuna jina la kamati kwa rangi ya kijani. Chini yake kuna kisanduku. Unaandika jina la ndugu yako, unabonyeza, unaletewa habari zake. Majina yote yaliyokusanywa na kamati nimeyaingiza kwa mkono wangu. Kuna watu wa Nachingwea na Ruangwa waliopotezana na ndugu zao wakati wa kuvuka Ruvuma, enzi za vita vya Msumbiji. Kuna na wengine waliopotezana kwa sababu za kawaida tu, kama kubadili laini ya simu.

Dada Scholastika, katibu wa kamati, alipita kutazama. Ni muuguzi, mtu wa maneno machache. Akaandika jina la shangazi yake, likatoka. Akasema, "Gaudens, hii kazi nzuri." Nayaandika hapa yasije yakapotea.

Akauliza anwani ya tovuti ili awatumie ndugu zake walioko Dar. Nikamsomea ile iliyo juu ya kioo: localhost. Akaiandika kiganjani kwa kalamu.

Jumamosi tunazindua, Ruangwa, mbele ya kamati nzima. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Bashiri, ameamua iwe kwenye kafe ya intaneti ya Jumaa, kwa kuwa pale mtandao haukatiki hovyo. Jumaa aliitaka kazi hii ya tovuti. Alinyimwa. Sasa atanipangia viti.

Jumanne, 7 Julai

Sabasaba. Wengine wanapumzika.

Dada Scholastika amerudi asubuhi. Kumbe ndugu zake wameandika localhost na hawakuona kamati wala kijani. Wa kwanza katokewa na ukurasa mtupu. Wa pili, anayefanya kazi kwenye ofisi ya uhasibu, katokewa na ukurasa wa ofisi yao wa kuombea likizo. Ameona afadhali aombe.

Nikaanza kusoma maana ya hilo neno. Nimepigwa na butwaa. Localhost ni mashine hiyohiyo uliyoketi mbele yake. Kila kompyuta duniani ina localhost yake. Maana yake tovuti yangu haiko duniani. Iko mezani kwangu, kati ya stepla na chupa ya chai.

Basi ni lazima ihamie kwenye seva, yaani ile kompyuta kubwa isiyozimwa, ambayo kila mtu anaifikia. Namshukuru Mungu kwa Teofili. Nilisoma naye sekondari, sasa ana seva yake Dar na amenipa kona bila masharti. Nimepandisha mafaili mchana kutwa kwa modemu ya simu, nimekaa karibu na dirisha ili nipate mawimbi.

Jioni nikaandika anwani ya kweli. Hakuna kijani. Hakuna kisanduku. Ukurasa mweupe na mstari mmoja wa Kiingereza unaosema imeshindikana kuunganishwa na hifadhidata. Hifadhidata ndiyo ghala ya majina yote. Tovuti bila ghala ni kibao cha duka kilichotundikwa porini.

Nilizima kompyuta, nikaiwasha. Mstari ulikuwa palepale.

Alhamisi, 9 Julai

Nimempigia Teofili. Anasema ndani ya tovuti kuna faili dogo linaloieleza tovuti ghala iko wapi, nani anaingia, na kwa paswedi gani. Faili langu bado linasema mambo ya mezani kwangu: ghala ipo localhost, anayeingia ni mwenye mashine, paswedi hakuna. Dar hawaingii hivyo. Tena majina yenyewe sikuyahamisha, nimehamisha kibao tu. Atanifungulia ghala mpya na kunipa paswedi yake, lakini yuko Moshi kwenye harusi ya shemeji, mpaka Jumapili. Na neno localhost nisiliguse, niliache lilivyo.

Hapo nikajua Teofili amechoshwa na harusi. Tumehama Nachingwea halafu tuseme bado tupo hapahapa? Nikalifuta, nikaandika Nachingwea. Mstari uleule. Nikaandika Dar es Salaam. Uleule. Nikaandika Ilala, kwenye ofisi ya Teofili. Nikaandika Teofili.

Mchana Jumaa akanipigia kutoka Ruangwa. "Oya, Gaudens, nimefungua ile kitu yenu. Mbona imegoma?" Nikamjibu kwamba tunajaribu usalama. Akasema usalama uko vizuri sana, maana hata wenyewe hamwingii.

Halafu akaja Mzee Eusebio kwa baiskeli, kutoka Mkotokuyana. Huyu ndiye mtu wa kwanza aliyejiandikisha kwenye kamati. Mmakonde, alivuka Ruvuma kijana, yeye na dada yake Eva, wakapotezana upande huu wa mto. Tangu hapo hajamwona wala kusikia habari zake. Alikaa kwenye benchi, kofia magotini, akiitazama kompyuta yangu.

"Mashine yako hii, mwanangu, inajua Kimakonde?"

Nikamwambia inajua zote.

Nikataka nimtafutie Eva palepale, hapa mezani ambako kila kitu kinafanya kazi. Akanishika mkono. Akasema hapana, angoje Jumamosi, abonyeze yeye. "Nikimkosa, nimkose mwenyewe." Akavaa kofia akaondoka.

Nimekaa nikitazama mlango aliotokea. Sijui kwa nini chai yangu imepoa bila kunywewa.

Ijumaa, 10 Julai

Kesho ni kesho, na Teofili bado yuko harusini, simu yake haipatikani.

Nimefikiri hivi. Kwenye ile seva siko peke yangu. Kuna folda za majirani, watu wengine waliohifadhiwa na Teofili. Nikaanza kuchungulia. Folda moja ilikuwa wazi. Ndani yake kuna faili dogo kama langu, lenye jina la ghala, jina la anayeingia, na paswedi. Na mfumo wao wa kutengenezea tovuti ni uleule wa bure niliotumia mimi, meza za ndani, yaani orodha za kuhifadhia vitu, zina majina yaleyale.

Nimestuka jinsi ilivyo rahisi. Nikanakili maneno yao kwenye faili langu. Na kweli, hata wao wameandika localhost. Nimeliandika nami, kwa heshima yao, siyo ya Teofili.

Nikafungua tovuti. Kijani. Jina la kamati. Kisanduku. Mstari wa Kiingereza umetoweka.

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Sikubonyeza kitu chochote nisije nikaibughudhi. Nikamtumia Dada Scholastika ujumbe: tayari.

Jumamosi, 11 Julai. Ruangwa

Naandika nikiwa bado siamini.

Kafe ya Jumaa ilijaa. Mwalimu Bashiri alifungua kikao kwa dua, akamwomba Dada Scholastika aongeze ya Kikristo, kisha akanitambulisha kama mtaalamu wetu. Neno lenyewe, mtaalamu, mbele ya Jumaa aliyekuwa anapanga viti. Nikainama kidogo.

Mzee Eusebio akaitwa mbele. Shati limepigwa pasi mpaka linakwaruza. Akatafuta herufi kwa kidole kimoja. E. Akainua uso. V. A. Akabonyeza.

Ikatokea picha. Nyeupe, ndefu, ina waridi jekundu kichwani.

Mzee hasomi vizuri. Akamwomba Mwalimu Bashiri amsomee. Na Mwalimu, aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote, akasoma kwa sauti ileile ya darasani, neno kwa neno, kabla maana haijamfikia: "Eva. Tabaka tatu. Krimu nyeupe. Inafaa kwa harusi na komunyo. Agiza mapema."

Nilisikia feni.

"Ndiye huyo?" Mzee Eusebio akauliza.

Mwalimu akanigeukia mimi. Chini ya picha kulikuwa na namba ya simu. Mzee namba anazijua. Kabla hatujajua anafanya nini, alikuwa ameshatoa simu yake, amebonyeza, ameiweka sikioni. Akasalimia kwa heshima zote. Akasema jina lake. Akasema anamtafuta Eva.

Akasikiliza. Akaishusha simu taratibu, akatugeukia.

"Mama mmoja amepokea. Anasema Eva atakuwepo Jumatano."

Dada Scholastika ndiye aliyemchukua pembeni akamweleza. Sikusikia alivyomwambia. Nilimwona mzee akiitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayeelekezwa njia. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Kumbe ile folda ni ya mama mmoja anayeoka keki Dar, Mama Raudha, na keki zake zote amezipa majina ya wanawake. Mimi nimeichomeka tovuti yetu kwenye ghala ya keki.

Jumaa hakucheka. Hilo ndilo limeniuma zaidi. Aliniletea kiti.

Jumapili, 12 Julai

Kanisani watu wamenisalimia kwa mbali. Dada Scholastika hakunisalimia kabisa, alinipa tu kitabu cha nyimbo.

Nimerudi dukani nikawaza mpaka nikaliona kosa. Kosa si kuingia kwenye ghala ile. Kosa ni kwamba ndani kulikuwa na keki. Keki zikitoka, majina yakiingia, ghala ni ya majina. Hapo hata Mzee Eusebio ataona ukweli.

Nikachagua keki zote. Nikabonyeza futa. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Hakuna aliyeniuliza hivyo wiki nzima. Nikasema ndiyo.

Kisha nikayaleta majina yote ya kamati kutoka kompyuta yangu. Safari hii yalihama kweli. Nikaandika Eusebio, akatoka Eusebio, na maelezo yake yote marefu kuhusu dada yake. Nilishangilia peke yangu dukani.

Nikawatumia kamati nzima ujumbe: hitilafu imerekebishwa na mtaalamu. Mwalimu Bashiri kajibu kwa neno moja, kwamba amesoma.

Teofili amerudi toka Moshi, kapiga simu, anauliza kama aanze kunifungulia ghala. Nikamwambia asihangaike, nimeshajipangia.

Jumanne, 14 Julai

Teofili amepiga tena. Hakufoka. Angefoka ningejua pa kushika. Alizungumza polepole, kama daktari.

Alisema Mama Raudha amempigia akitetemeka. Tovuti yake ya keki haina keki. Wateja wake wakiifungua wanakuta watu waliopotea. Maharusi wanaotafuta cha kukata ukumbini wanaletewa wazee wa Marambo na Kilimarondo. Mteja mmoja, mama wa heshima, ameuliza huyo Kipriani aliyetoweka tangu zamani ana matunda ndani au hana.

Nilishika meza. Nilikuwa sijafikiri upande huo. Mimi niliona ghala moja na tovuti yangu. Sikukumbuka kwamba ghala ina mlango mwingine, na mlango huo ndio wenye watu.

Teofili akauliza, "Gaudens, ulifuta?"

Nikamwambia nilisafisha.

Akasema ana nakala ya akiba ya keki zote, atazirudisha kesho jioni, na kwamba bahati yangu ni kwamba Mama Raudha anadhani ni mapepo ya mtandao.

Jumatano, 15 Julai

Sijui nianzie wapi.

Dada Scholastika ameingia dukani akiwa amevaa sare ya kazi, mbio, hajawahi kukimbia huyu. Akakaa kwenye benchi. Nikajua nimeshtakiwa.

Akasema amepigiwa simu kutoka Dar, kwa kuwa namba yake ya ukatibu imeandikwa kwenye kila jina. Ni msichana anaitwa Moza, anaolewa mwezi ujao. Jana alikuwa anachagua keki. Akafungua tovuti ya Mama Raudha, akakuta wazee. Alitaka kufunga, lakini jicho lake likaangukia kwenye maelezo ya Mzee Eusebio. Mzee ameandikisha kwamba dada yake Eva ana sikio la kushoto lisilo na ncha, lilidonolewa na jogoo akiwa mdogo, na kwamba jogoo huyo walimla siku hiyohiyo.

Moza akaacha mambo ya keki. Bibi yake mzaa mama ana sikio hilo. Na habari ya jogoo kuliwa siku hiyohiyo wamesimuliwa tangu utotoni, maana bibi anapenda sana hapo.

Nikauliza bibi mwenyewe yuko wapi, Msumbiji?

"Marambo," Dada Scholastika akasema.

Nikasema Marambo ipi.

"Marambo yetu hii, Gaudens. Wilaya hiihii."

Aliolewa na Mwislamu huko, akasilimu, akaitwa Zaina. Jina la Eva hakuna anayelijua pale zaidi ya wajukuu. Kamati ilishapita Marambo ikiuliza Eva, ikaambiwa hayupo. Na mzee miaka yote hiyo anauza korosho zake na kurudi Mkotokuyana, na dada yake anauza ufuta wake na kurudi Marambo, na pengine wameshapishana sokoni hapa mjini wala wasijuane.

Dada Scholastika alikuwa anafuta macho kwa kofia ya kazi. Mimi nilikuwa natazama stepla.

Jumamosi, 18 Julai. Marambo

Tumekwenda. Mzee Eusebio, Dada Scholastika, Mwalimu Bashiri na mimi. Gari tumepewa na ndugu yake Mwalimu, la kubebea ufuta. Mzee alikaa nyuma, kofia magotini. Shati lilelile.

Bibi Zaina alikuwa uani anapepeta. Mdogo, mnene, amejifunga kitenge kichwani. Watoto wake walishamweleza, lakini hakusimama. Alimtazama kaka yake kuanzia viatu mpaka kofia. Akavuta kitenge nyuma ya sikio la kushoto, akalionyesha.

Mzee Eusebio akaenda akaligusa kwa kidole kimoja.

Ndipo bibi akaanza kuongea, Kimakonde, kwa kasi, kidole kikimwelekea usoni. Mimi Kimakonde sijui. Nilidhani anamfukuza. Nikamuuliza Dada Scholastika, ambaye kwao ni Newala, anasema nini.

"Anamgombeza. Siku waliyopotezana, kaka alimwambia yeye akae chini ya kivuli amngoje, anakwenda kutafuta chumvi. Anamuuliza chumvi iko wapi."

Mzee Eusebio akakaa chini mavumbini palepale kwenye makapi ya ufuta. Na bibi naye akakaa. Wakashikana. Mwalimu Bashiri akageuka akatazama paa la nyumba ya jirani kama anayekagua bati.

Tulikula wali kwa kuku. Mzee alinishukuru mbele ya ukoo mzima. Alisema mashine ya kijana huyu inajua Kimakonde. Nikasimama nikawaeleza kwa ufupi kwamba mpango ulikuwa kuyapeleka majina mahali ambapo watu wengi wanapita, na kwamba keki zilichaguliwa kwa makusudi.

Wakati wa kurudi Dada Scholastika akaniambia, "Gaudens, ungemtafuta kwa akili usingempata."

Nimeligeuza hilo kila upande. Nadhani ni sifa.

Jumatatu, 20 Julai

Mambo yametulia. Keki za Mama Raudha zimerudi zote. Teofili ametufungulia ghala yetu wenyewe, jina letu, paswedi yetu. Amenisimamia kwa simu hatua kwa hatua. Neno localhost limebaki lilivyo, maana kumbe ghala iko ndani ya seva ileile. Majina yameingia. Tovuti ya kamati inafunguka popote duniani bila mstari wa Kiingereza. Ameniapisha nisiguse tena folda ya jirani yeyote. Nimeapa kwa moyo wangu wote. Hata Jumaa amepiga kunipongeza.

Tatizo nimeligundua mchana. Haingii mtu. Tangu asubuhi wametembelea watu wawili, na mmoja ni mimi. Tovuti safi, imeunganishwa vizuri, imekaa pale kama ofisi ya serikali Jumapili. Na Mzee Kipriani wa Marambo bado hajapatikana, na wale wa Kilimarondo wote.

Nimewaza sana habari hii, bila papara. Kwenye keki hupita maharusi tu. Maharusi ni wachache.

Kule kwenye seva nimepita kwa macho tu, bila kugusa. Kuna folda ya kampuni moja ya mabasi yanayokwenda mikoani. Watu wanaingia humo kutwa nzima kutafuta viti. Abiria wote hao, kila mmoja ana ndugu.

Folda yao haiko wazi kama ile ya Mama Raudha. Wameweka paswedi. Nimejaribu jina la kampuni yenyewe, kuona tu kama ni watu makini.

Imefunguka.